Maswali Yenu ya Ujenzi: Bafu Huharibikia Chini ya Vigae

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinahusu bafu, na karibu zote zinaanza kwa kuuliza vigae vya aina gani vinafaa. Swali hilo tutalijibu, lakini halitakuwa la kwanza, kwa sababu bafu likivuja kosa haliko kwenye kigae bali kwenye kilichofichwa nyuma yake. Tumechagua barua za wasomaji wanaotaka kufanya kazi kwa mikono yao wenyewe, na pale ambapo kazi inamhitaji fundi mwenye leseni, tumesema wazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yangu si ya ghorofa. Bafu na choo viko katika chumba kimoja chenye upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 2.4. Vigae vya sakafuni vimepasuka, choo cha kukaa kinatikisika, na maji ya kuogea hutuama kwenye kona ya mbali na tundu la kutolea maji. Fundi niliyemwita alinitajia gharama ya ufundi inayokaribia bei ya vifaa vyenyewe. Nimewahi kupiga lipu na kujenga ukuta wa uani, na mikono yangu si mizito. Je, naweza kulifanya bafu lote mwenyewe, na nianzie wapi? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Sehemu kubwa unaiweza, ila kabla ya kushika nyundo shika rula. Chukua karatasi yenye miraba, uchore chumba kwa kipimo cha moja kwa ishirini, hivi kwamba mita 1.8 ziwe sentimita 9 na mita 2.4 ziwe sentimita 12. Kata vipande vya karatasi vyenye umbo la choo, sinki la kunawia na eneo la kuogea kwa kipimo hicho hicho, kisha uvisogeze juu ya mchoro mpaka uridhike. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni acha sentimita 38 au zaidi, na mbele yake acha sentimita 60 za kukaa na kusimama bila kugonga magoti. Chora pia mlango ukiwa wazi, maana mlango unaogonga sinki ni kosa linalogunduliwa siku ya mwisho, wakati kila kitu kimekwishafungwa.

Mchoro ukikupendeza, uliza kama unakilazimisha choo kuhama. Kama hauna ulazima huo, kiache kilipo. Bomba la kutoa uchafu wa choo lina kipenyo cha inchi 4 na linahitaji mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Ukikihamisha choo mita mbili, mwanzo wa bomba lazima uwe juu ya mwisho wake kwa sentimita 5, na ili upate kina hicho utalazimika kukata sakafu yote ya zege hadi karibu na chemba. Sinki na bomba la kuogea ni rahisi kuhamisha, kwa kuwa mabomba yake ni membamba.

Usinunue choo kabla ya kujua uchafu wa kile cha zamani unatokea wapi. Vyoo vingine hutolea chini sakafuni, vingine hutolea nyuma ukutani, na duka halitakurudishia pesa kwa sababu ulibahatisha. Kwa kile cha kutolea chini, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu, na upime ukiwa na ukuta uliokamilika akilini: kigae kipya na gundi yake vitausogeza ukuta ndani kwa sentimita 1.5 hadi 2, na sentimita hizo zinatosha kufanya tangi la maji ligome kukaa mahali pake.

Kabla ya kubomoa, fungua chemba iliyo nje na mimina ndoo ya maji yenye bluu ya kufulia kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, huku mtu mwingine akisimama kwenye chemba. Atakachokiona kitakueleza bomba lipi linakwenda wapi, na kama maji yanafika kwa kasi au kwa kusuasua. Maji ya bluu yakikawia sana, kuna kuziba au mteremko mbaya, na ni afadhali ulijue hilo wakati sakafu bado iko wazi kuvunjwa. Panga pia familia itaoga na kujisaidia wapi siku ambazo choo kitakuwa kimeng'olewa. Nyumba yenye choo kimoja huleta haraka, na haraka hiyo ndiyo humfanya mtu apige vigae juu ya saruji mbichi.

Sasa kazi yenyewe. Funga koki kuu, ng'oa choo na sinki, ziba tundu la choo kwa kitambaa ili kifusi kisiingie, kisha bandua vigae kwa tindo na nyundo ukianzia kwenye kile kilichopasuka. Vaa miwani ya kinga na viatu vigumu, kwa kuwa kipande cha kigae hukata kama wembe. Lipu inayotoa sauti ya uwazi ukiigonga nayo ibandue, hata kama inaonekana nzima.

Mabomba ya maji safi siku hizi watu wengi hutumia yale ya plastiki ya kuchomelea. Mashine yake hukodishwa na wauza vifaa wengi, na si ngumu: huchemka hadi nyuzi joto 260, bomba la milimita 20 hupashwa kwa sekunde 5, kisha husukumwa ndani ya kiungo moja kwa moja bila kulizungusha. Anayelizungusha huacha njia ndogo ya maji kupenya, naye hataiona hadi lipu ipate doa. Fanyia mazoezi kwenye vipande vitatu au vinne vya kutupa kabla ya kugusa bomba la ukutani. Ukimaliza, ziba ncha zote kwa vizibo, fungulia maji kutoka kwenye tangi, na uache mabomba yakiwa wazi bila kufunikwa usiku kucha. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi.

Baada ya hapo piga lipu ukutani na andaa mteremko wa sakafu kwa mchanganyiko wa saruji sehemu moja na mchanga sehemu tatu au nne. Mchanga uwe wa mto au wa machimbo. Ule wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu miaka yote nyumba inaposimama. Mteremko wa kuogea uwe sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, na kona ya mbali ndiyo ianze kupimwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayokutuamishia maji sasa. Ikiwa kona hiyo iko mita mbili kutoka kwenye tundu, lazima iwe juu ya tundu kwa sentimita 3 hadi 4. Vuta uzi kutoka kona hadi tundu, upime kwa futi, na usiamini jicho, kwa sababu jicho hudanganywa na kuta zisizonyooka. Mlangoni, sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya korido kwa sentimita 2 au 3. Nyeshea saruji maji kwa siku saba ili ikomae bila kupasuka.

Hatua inayofuata ndiyo watu wengi huiruka kwa kuwa haionekani kazi ikiisha. Nunua dawa ya kuzuia maji ya jamii ya saruji, ile inayopakwa kwa brashi. Kwanza bandika wavu wa nyuzi kwenye makutano yote ya sakafu na ukuta na kuzunguka kila bomba linalotoboa sakafu, maana nyufa huanzia hapo. Kisha paka mkono wa kwanza kwa kuelekea upande mmoja, na ukikauka paka wa pili kwa kukatiza ule wa kwanza. Panda ukutani sentimita 30 pande zote, na katika eneo la kuogea panda hadi mita 2. Mkebe wa dawa hiyo una bei, lakini ukiulinganisha na gharama ya kubandua bafu zima mara ya pili, ni wa bure.

Dawa ikikomaa kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, ijaribu. Funga kitambaa ndani ya mfuko wa nailoni, ukisokomeze kwenye tundu la kutolea maji, weka kizuizi cha saruji mlangoni, mimina maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha chora mstari wa penseli ukutani usawa wa maji na andika saa. Baada ya saa 24 maji yatakuwa yameshuka kidogo kwa kukauka hewani. Yakishuka zaidi ya kidogo, au ukuta wa nje ukipata doa la unyevu, tafuta tundu, paka tena, jaza tena. Usiweke kigae hata kimoja kabla ya mstari huo kukuridhisha.

Kazi mbili tu mwachie fundi mwenye ujuzi: umeme wote wa bafuni, ambao ni wa fundi mwenye leseni, na kuunganisha bomba jipya kwenye chemba ikiwa bomba la zamani ni la udongo au la chuma, kwa kuwa viungo vya kuunganisha nyenzo mbili tofauti huhitaji mkono uliozoea.

SWALI: Mhariri, rangi ya ukuta wa chumba cha kulala, upande wa pili wa bafu, inabanduka na kutoa unga mweupe. Nimepaka upya mara mbili, tatizo linarudi. Jirani yangu ananishauri nipige vigae vipya juu ya vile vya zamani bila kubomoa, kwamba maji yatazuilika. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kweli kwa hali yako. Unga mweupe unaouona ni chumvi iliyokuwa ndani ya matofali na lipu, ambayo maji yameiyeyusha na kuisukuma hadi juu. Maana yake ni kwamba maji yanapita ndani ya ukuta hivi sasa, na kigae kipya kitafunika tu mlango wake.

Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Jioni, watu wakimaliza kutumia maji, funga koki zote za ndani na uandike tarakimu za mita. Usiangalie tena hadi alfajiri, na wenzako wasifungue maji. Kama tarakimu zimesogea, bomba la maji safi linavuja ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Kama zimebaki pale pale, mabomba yenye maji muda wote si ya kulaumiwa. Ukaguzi uende kwenye sakafu na ukuta wa kuogea. Siku moja mwaga maji sakafuni pekee bila kulowesha ukuta. Siku chache baadaye, ukuta ukiwa umetulia, elekeza maji ukutani pekee. Jaribio litakalofanya doa la chumbani liongezeke ndilo litakalokuonyesha pa kubomoa. Anayetumia tangi la juu badala ya mita afunge koki inayoingiza maji tangini na aweke alama ya kina cha maji. Hesabu ni ile ile.

Kupiga kigae juu ya kigae kunaruhusiwa mahali pamoja tu, yaani pale ambapo vya zamani ni vikavu, vimeshika vizuri, na havitoi sauti ya uwazi ukivigonga kwa mpini wa bisibisi. Hata hapo sakafu itapanda kwa sentimita 1.5 au zaidi, mlango utalazimika kukatwa chini, na mteremko mbaya utabaki mbaya.

Upande wa chumbani, ukishaziba chanzo, kwangua rangi na lipu iliyooza na uache ukuta upumue hadi ukauke kabisa, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

SWALI: Ninunue vigae vingapi, na vya aina gani? Wauzaji kila mmoja ana hesabu yake. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hesabu ni ya kuzidisha na kutoa. Tuchukue bafu la msomaji wetu wa Tabata: sakafu ni 1.8 mara 2.4, yaani mita za mraba 4.32. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vya kukata na vitakavyovunjika, upate 4.75. Kuta: mzunguko wa chumba ni mita 8.4, na tukipandisha vigae hadi mita 2.1 tunapata 17.64. Toa mlango wa sentimita 75 kwa mita 2.1, zibaki 16.07 hivi, na ukiongeza asilimia 10 ni 17.7. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 vinavyofungwa vinane kwenye boksi hufunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo mahitaji ya kuta ni maboksi 13. Mabaki usiyagawe, kwa sababu ukirudi dukani miaka miwili baadaye rangi ile hutaikuta. Wakati wa kununua, linganisha namba ya toleo iliyochapwa ubavuni mwa kila boksi. Maboksi ya jina moja lakini ya matoleo tofauti hutofautiana rangi kwa kiasi kidogo ambacho dukani hukioni, ukutani unakiona.

Vigae vinavyotengenezwa nchini, huko Mkuranga na Chalinze, vinatosha kabisa kwa bafu la kawaida. La kuzingatia zaidi ni uso wa kigae: cha sakafuni kiwe kikavu, chenye mikwaruzo, kwa sababu kile kinachong'aa kama kioo huteleza mara sabuni inapoanguka. Vigae vidogo, kwa mfano vya sentimita 30 kwa 30, vinafuata mteremko wa sakafu kwa urahisi kuliko vile vya 60 kwa 60, ambavyo hulazimisha kukatwa kwa mshazari kuelekea kwenye tundu.

Neno moja kuhusu uwekaji. Ipo tabia ya kubandika kigae kwa madonge manne ya saruji kwenye pembe na kuacha katikati wazi. Kigae cha namna hiyo hupasuka kikikanyagwa vibaya, na uwazi ule hugeuka bwawa dogo la maji. Tumia mwiko wa meno, tandaza gundi yote, kisha kila baada ya vigae kadhaa ng'oa kimoja utazame mgongo wake: kama gundi haijagusa karibu eneo lote, badilisha mkono wako. Vigae vigumu vinavyong'aa havinywi maji, kwa hiyo niru ya saruji, yaani uji wa saruji na maji, haivishiki. Hivyo vinataka gundi yake. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya kigae na kigae, na subiri saa 24 kabla ya kupaka grauti, yaani saruji laini ya kujaza nafasi hizo. Kwenye kona zote, ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, usitie grauti bali silikoni, kwa kuwa kona husogea na grauti hupasuka.

SWALI: Habari Mhariri. Shawa yangu ya umeme imeungua mara mbili ndani ya muda mfupi, na juzi mke wangu alihisi mtetemo alipogusa koki. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nataka kubadilisha waya mwenyewe ninapokarabati bafu. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yetu, zima swichi ya shawa hiyo leo na mtu yeyote asioge nayo. Mtetemo aliouhisi mkeo ni umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini ukapitia mwilini mwake. Waya usiubadilishe mwenyewe. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na wasomaji wa Tanzania wamtafute mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati ya kwao.

Hata hivyo ni vizuri ujue la kumuuliza. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 huvuta amperi 23 hivi, mzigo ambao waya wa taa hauubebi na waya wa soketi unaubeba kwa shida. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali na ukubwa wa shawa, pamoja na swichi inayokata nyaya zote mbili na ambayo mtu aliye chini ya maji hawezi kuifikia. Mwambie apime waya wa ardhini kwa kifaa, asiridhike kwa kuuona tu. Mwombe pia aweke kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliamperi 30, kwa kuwa hicho ndicho hukata kabla moyo haujadhurika. Swichi ya kawaida ya kisandukuni hulinda waya, haimlindi mtu.

Kuhusu kuungua, maji ya chumvi hula koili za kawaida, yaani nyaya zinazopasha maji moto, na pia hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji yasiyo na chumvi. Ziko shawa zilizotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa, na muuzaji ukimwambia hivyo anajua cha kukupa. Tazama pia urefu wa tangi lako. Kila mita moja ya kimo kati ya maji na shawa hutoa msukumo wa baa 0.1 tu, na tangi lililoketi sentimita chache juu ya dari halisukumi maji ya kutosha kuipoza koili. Kazi ya kuinua mnara wa tangi hiyo unaweza kuifanya.

SWALI: Assalaam aleikum. Nyumba ya marehemu babu yetu iko Mji Mkongwe, ya mawe na boriti. Tumerithi ndugu wanne, na tunataka kila familia iwe na bafu lake ghorofa ya juu. Tumeshapata saruji na nondo. – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Waaleikum salaam. Saruji na nondo hizo zitafutieni kazi nyingine. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, lakini hata kama kibali kisingehitajika, jengo lenyewe lingekataa. Sakafu ya juu imelazwa juu ya boriti za mikoko, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa ambavyo tayari ni vizito. Zege la unene wa sentimita 10 kwenye eneo la mita nne za mraba lina uzito wa karibu tani moja, kabla ya maji, vigae wala mtu. Zidisha mara nne.

Uzito si adui mkubwa kuliko maji. Boriti huoza kwanza pale ncha yake inapoingia ukutani, mahali msipopaona, na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu kupitia lipu yake ya chokaa. Mkizifunika kwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na kutafuta njia nyingine, ambayo mara nyingi ni ncha ya boriti. Kwa sababu hiyo lipu yote ya marekebisho iwe ya chokaa, isipokuwa eneo dogo la kuogea ambalo mtaalamu atawaelekeza namna ya kulitenga na ukuta.

Ushauri wetu ni mabafu mawili badala ya manne, yajengwe chini upande wa uani, na kama lazima moja liwe juu, liwekwe juu ya lile la chini ili mabomba yashuke wima. Mabomba yasizikwe ukutani. Yapitishwe nje, upande wa uani, yaonekane, ili siku yakivuja muone siku hiyo hiyo. Kabla ya hayo yote, mwiteni mhandisi anayezifahamu nyumba za chokaa achunguze ncha za boriti. Mtakayoyafanya wenyewe ni mengi bado: kuondoa rangi za plastiki zilizopakwa juu ya chokaa, kupaka chokaa upya, na kusafisha mifereji ya paa, ambayo huingiza maji ukutani kuliko bafu lolote.

SWALI: Mama yetu amezeeka na magoti yanamsumbua, choo cha kuchuchumaa hakiwezi tena. Tunataka kumwekea cha kukaa. Yeye anasisitiza kisielekee kibla. Tufanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mama ana haki, na kwenu jambo hilo ni rahisi. Katika mwambao wote, kuanzia Mtwara hadi Lamu, Makka iko karibu kaskazini kamili, kwa hiyo mtu akikaa awe ameelekea mashariki au magharibi. Kaskazini ataelekea kibla, na kusini atakipa mgongo. Thibitisheni kwa dira kabla ya kufungua sakafu, msikisie kwa kutazama barabara.

Chagueni choo ambacho kiti chake kiko sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni. Vingi vilivyo dukani ni vifupi kuliko hapo, na kila sentimita inayopungua mama atailipa kwa magoti. Bomba la kuchambia liwe upande wa mkono anaoutumia. Pembeni mwa choo na kwenye sehemu ya kuogea wekeni vyuma vya kushikilia kwenye kimo cha sentimita 80 hivi, mkimpima yeye mwenyewe akiwa amekaa na akiwa amesimama. Tofali lenye uwazi halishiki skrubu, hivyo mahali pa chuma jazeni zege kabla ya lipu, kisha mtu mzima wa nyumbani aning'inie pale kabla mama hajaruhusiwa kupashika. Mlango ufunguke kwa nje, kwa sababu akianguka ndani nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, hamtaweza kumfikia. Msitumie ndoano ya taulo badala ya chuma cha kushikilia, hata kwa muda.

SWALI: Bafu la wageni linanuka ingawa ni safi na jipya. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwa kuwa ni la wageni, halitumiki. Chini ya kila tundu kuna trapu, kipinda kinachobakiza maji ya kina cha sentimita 5 hivi ili kuzuia hewa ya shimo isipande. Bafu lisipotumika maji hayo hukauka. Mwaga jagi la maji kwenye kila tundu, ukiongeza kijiko cha mafuta ya kula juu yake ili yakawie kukauka. Harufu ikirudi ndani ya siku moja au mbili huku maji yakiwa bado yapo, sikiliza trapu ya sinki wakati mtu anavuta maji ya choo: ikitoa sauti ya kugugumia, bomba la hewa la kupanda juu ya paa halipo au limezibwa, mara nyingi na viota vya ndege au majani. Panda ulitazame, na ukilikuta limekatwa chini ya bati na kuachwa darini, liongeze kipande lipite juu ya paa kwa sentimita 30 au zaidi, mbali na madirisha.